Mchanga wa Moto Juu ya Gita

Majina yote ninayo. Ninayo majina ya watoto niliowazaa, ya wanawake tuliopanga nao ndoo bombani, la fundi aliyetusaidia, hata la yule mtoto ambaye sanduku lake lilituondolea vyuma. Sitaandika hata moja hapa. Wengine wangali hai na hawakuniruhusu, na waliokufa nawataja kwa mdomo. Kalamu yangu ni ya darasa la tatu, inachoka mapema.

Gita ilikuwa ya mume wangu. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma kabla hatujaoana, ikaletwa na baharia mmoja aliyeichoka. Mume wangu alikuwa mpakizi bandarini, na jioni akishaoga aliipiga katika ua wa watu wa reli, mimi nikiwa msichana nimesimama upande wa pili wa senyenge, najifanya napita. Ilikuja na nyuzi za plastiki. Zilipokatika alitafuta waya za breki za baiskeli, akazifumua, akachagua nyembamba kwa nene, akazikaza. Ikalia kwa ukali. Watu wakasema sasa hii ndiyo gita ya mwanaume, naye akaamini.

Binti yetu wa kwanza alikufa ziwani. Mtumbwi wa injini ulitoka Kalemie umejaa watu na unga, unaelekea kusini, na haukufika. Wengine walitupwa na maji ufukweni wakazikwa. Wetu hakuonekana. Tulikaa matanga bila maiti, nguo zake zimekunjwa katikati ya mkeka, watu wanakuja kusalimia nguo. Siku ya mwisho mume wangu alitoa gita akaimba wimbo alioutunga mwenyewe. Mwisho wa wimbo ule jina la binti linaitwa mara tatu.

Tangu siku ile hakulitaja tena kwa maneno ya kawaida. Akitaka kusema habari zake alisema "yule". Lakini kila mwaka mvua zikiisha alikaa kwenye kiti, akagonga ubao wa gita kwa kidole, akaimba, akaita jina mara tatu, akarudisha gita msumarini. Kaburi hatuna. Nikaelewa kwamba jina amelizika mle ndani, na siku ile ndiyo siku yake ya kwenda kupalilia.

Kisha ziwa likapanda. Tulipanga magunia ya mchanga mlangoni kama majirani wote, ziwa likaingia kwa nyuma. Tulikuwa tumebeba godoro na masufuria kuyapeleka juu kwenye mwinuko. Tuliporudi, msumari ulikuwa umetoka kwenye tofali bichi na gita inaelea ndani ya nyumba, kifudifudi. Mume wangu alisimama mlangoni, maji kiunoni, hakuifuata. Nilijua anaona nini. Mimi ndiye niliyeingia kuigeuza.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na ni kosa la watu wa hapa kwetu. Sisi kitu kikitoka majini tunakianika. Ndivyo tunavyofanya na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, ndivyo tunavyofanya na nyavu na muhogo. Aliichukua gita akailaza juu ya kichanja cha ndagala, uso juu, jua la saa sita, nyuzi za waya zimekazwa vilevile. Akakaa kando kufukuza kunguru, maana samaki za watu zilikuwa pembeni yake. Hakuna aliyemkataza. Mimi mwenyewe nilipita nikaigeuza kidogo ili jua lienee.

Alasiri tulisikia mlio kama ganda la maharage linapopasuka. Uso wa gita ulikuwa umeinuka chini ya kile kibao kinachoshika nyuzi, na karibu na tundu umezama. Nyuzi zilisimama juu sana ya shingo, kidole hakiwezi kuzifikia. Harufu ya ndagala iliingia ndani na mpaka leo haijatoka. Mume wangu aliitia gunia, akaiweka nyuma ya turubai tulilohamia kule mwinukoni. Mwaka ule hakuimba.

Mvua za mwaka uliofuata zikiwa bado, alianguka akienda kunawa. Mkono na mguu wa kuume vikafa, na maneno yakachanganyika. Alitaka maji, akasema pikipiki. Mimi akaniita mlango.

"Sawa," nikamwambia, "kama mimi ni mlango, usinibamize."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Tulicheka namna hiyo siku za mwanzo. Halafu nikaona kuna neno moja analolitafuta kila siku na halimpi kicheko. Anafungua mdomo, anaangalia ziwa, anatoa neno, silo. Anajaribu tena, silo. Nikalitaja mimi, lile jina. Akafumba macho, akageukia ukuta wa turubai. Hakutaka kulisikia kwangu. Alitaka litoke kwake, na alikuwa anaogopa kwamba atakufa halijatoka. Kwa mkono wa kushoto akaonyesha gunia.

Nilidhani ni akili za ugonjwa. Lakini Jumapili moja waumini wa kanisa la jirani walikuwa wanaimba, na mume wangu, aliyeshindwa kuomba maji asubuhi ile, akaimba nao. Maneno yote yakatoka, moja baada ya jingine, hayana kasoro. Wimbo ulipokwisha akataka kuniambia kitu, akasema sahani, ukoka, sahani. Basi nikajua. Maneno yaliyo ndani ya wimbo hayakuguswa.

Nilijaribu kumwanzishia wimbo wake kwa koo langu. Akatikisa kichwa. Wimbo ule hauanzi na sauti ya mtu. Unaanza na gita, inazunguka, inazunguka, yeye anaingia pale anapopajua yeye. Mimi najua majina, kuimba sijui. Nikachukua gunia, nikashuka kwa fundi.

Fundi alikuwa mtu wa Kabimba, umri wake karibu na wa mume wangu. Zamani alitengeneza viti na vitanda. Tangu maji yapande, watu waliokaa katika maturubai waliugua tumbo na homa, na yeye akawa anatengeneza masanduku ya maiti tu. Ua wake ulikuwa umejaa vifuniko vimesimama ukutani. Akatoa gita ndani ya gunia akainusa.

"Mama, hii ni gita ao ni samaki?"

"Ni ya muzee. Unaikumbuka."

"Naikumbuka sana. Ilinichukulia wasichana wote wa upande wa reli. Wewe ulikuwa mmoja."

"Wewe hata ungekuwa na gita kumi."

"Basi leo nimeipata ikiwa mugonjwa," akasema, akailaza magotini kama mtu anayempima mtoto. Akapitisha rula juu ya uso wake, akanionyesha mwanga unaopita chini ya rula huku na huku. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Mahali pengine ililia, mahali pengine ikajibu kama sanduku lenye kitu ndani.

"Mbavu zimeachia," akasema. "Ndani ya huu ubao kuna mbavu za mti, zinaushika. Maji yamelegeza kola iliyozigandisha, na waya wamevuta. Gita hii ilizaliwa ivae plastiki, bwana yako akaivalisha breki. Halafu mukaianika na nyuzi zake imekazwa?"

"Kwenye kichanja."

"Ya ndagala?"

"Ya ndagala."

"Na mimi ningefanya vile vile," akasema.

Nikamweleza habari ya jina, nikamwambia pia kwamba mgonjwa sasa anapaliwa na uji. Alilegeza waya zote, akazitupa. Akapasha kisu cha mezani juu ya makaa, akakipenyeza chini ya kibao kinachoshika nyuzi, taratibu, mpaka kibao kikatoka kizima. Akatandaza kitambaa chenye maji juu ya uso wote wa gita. "Tumeikausha kwa haraka, sasa tuilowanishe kwa akili. Ikilainika njo tutainyoosha."

Nilirudi siku ya pili. Ubao ulikuwa umelegea kidogo, lakini mbavu mbili ndani zilining'inia na mkono wa fundi ulikuwa mkubwa kuliko tundu. Alijaribu, akakwama kwenye kifundo.

"Mama, leta mukono yako."

Mkono wangu umebaki mifupa, ukaingia. Ndani mlikuwa na mchanga wa ziwa, na ndagala mmoja mkavu nikamtoa kwa vidole viwili. Fundi alinipa kola kwenye ncha ya kijiti na kuniongoza: kushoto, mbele, shuka, hapo, paka. Sikuona kitu, nilipapasa tu. Nilishika ubavu wa gita nikausukuma juu mpaka ukagusa ubao, na yeye akaweka ubao mmoja mnyoofu chini, mmoja juu, akabana kwa vyuma vyake. Alikuwa na vyuma vitatu vya kubania, na vyote vitatu akavimaliza kwa gita.

"Sasa tuiache," akasema. "Tusiiguse mpaka isahau lile tumbo lake. Tukiifungua mapema itarudi palepale."

Nilikuwa bado nimekaa kwenye kigogo, nafuta kola vidoleni, alipoingia baba mmoja tuliyepakana naye kule mwinukoni. Mtoto wake wa kike alikuwa amekufa asubuhi kwa kuharisha. Nilimjua mtoto, alikuwa anapita kwangu kuomba karanga zilizoungua. Baba alikuwa ameshika kamba yenye mafundo mawili, ndicho kipimo. Fundi akaipokea, akaenda kwenye mbao zake. Zilikuwa nyembamba zote, zile pana zilichukuliwa na maji. Ili apate kifuniko inabidi aunge mbao mbili ubavu kwa ubavu kwa kola, azibane, zishike.

Aliangalia vyuma, akaangalia mbao, akachukua misumari.

"Nitapiga misumari," akamwambia yule baba. "Lakini katikati itabaki mwanya."

"Mwanya si kitu," baba akasema.

"Mchanga utaingia kidogo."

"Nimesema si kitu, Papa. Watu wanangoja."

Binti yangu mimi, kule ziwani, anaingiwa na maji kila siku, nilikuwa nafikiri hivyo. Nikafikiri pia habari ya mume wangu, mdomo wake wazi, anaangalia ziwa, neno halitoki. Sikutaka kusema nilichosema. Mpaka leo kuna siku naona nilifanya vizuri na kuna siku sioni.

"Fungua," nikamwambia fundi.

"Mama, haijashika."

"Naona. Fungua."

Akafungua. Yule baba hakujua tumefungua nini kwa ajili yake, wala hakuna aliyemwambia. Kifuniko kilitoka kimeungana vizuri, huwezi kuingiza hata ukucha.

Wiki ile vyuma havikurudi. Kilipotoka kifuniko kimoja kiliingia kingine, na kila asubuhi kulikuwa na mtu mlangoni kwa fundi ameshika kamba yenye mafundo. Uso wa gita ulipanda tena upande wa chini na ubavu mmoja ukaachia. Na mume wangu akawa anapaliwa zaidi, hata na maji. Ulimi ulikuwa mzito. Nilihesabu moyoni kwamba ulimi nao ukifa, hata wimbo hautapita.

Nikashuka tena. Fundi alikuwa anapiga randa, hakusimama.

"Mama, vyuma sina. Unaona mwenyewe."

"Sitaki vyuma. Unataka kitu kizito na chenye moto, si ndivyo?"

"Njo hivyo."

"Mchanga."

Sasa akasimama. Kazi yangu ni kukaanga karanga. Sisi wakaangaji hatutumii mafuta. Tunapasha mchanga msafi katika karai, tunatia karanga mle ndani, tunakoroga, mchanga unazipika pande zote bila kuunguza. Halafu tunachekecha. Mchanga ukishapata moto unakaa nao muda mrefu, na ukiutia mfukoni unalala kwa kufuata umbo la kitu.

"Unataka kukaanga gita," fundi akasema.

"Wewe kata vijiti."

"Na ukiiunguza?"

"Nimekaanga tangu hujaota ndevu."

"Nina miaka mingi kuliko wewe, mama huyu."

"Lakini ndevu ulichelewa."

Akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia katika ua ule tangu ziwa lipande, na mwanamke aliyekuwa anangoja sanduku akageuka kutuangalia. Fundi akakata vijiti vya matete, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kina cha gita. Nilipaka kola tena kwa mkono wangu, nikasimamisha vijiti ndani, vikipinda kidogo, visukume mbavu juu. Nikabeba gita kichwani, polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Niliilaza kwenye benchi mbele ya mkeka wa mume wangu. Nikapasha mchanga. Hautakiwi moto wa karanga, karanga zinataka mkali. Niliupima kwenye kifundo cha mkono, pale tunapopimia maziwa ya mtoto. Nikautia katika mfuko wa unga wa kitambaa, nikaulaza juu ya uvimbe. Ulipopoa nikabadilisha. Ni mchanga wa ziwa lilelile, niliuteka ufukweni, labda hata ulikuwa katika magunia yetu ya mlangoni. Siku ile nzima na siku zilizofuata sikuuza karanga. Mume wangu alikuwa anaangalia. Nilipokawia kubadilisha mfuko alipiga benchi kwa mkono wa kushoto, akasema, "Pikipiki."

"Nakuja, nakuja."

Fundi alipopanda kuangalia, alipitisha rula yake. Mwanga ulipita bado mahali pamoja, kidogo. "Uvimbe umebaki kama nyuma ya kijiko," akasema. "Ukiikaza sana itarudi." Akarudisha kibao mahali pake kwa kola, na baada ya kukauka akaweka nyuzi za wavuvi, za plastiki, nene na nyembamba, alizopewa na mtoto wa ndugu yake. Waya alikataa. Ililia kwa sauti ndogo, kama inalia chumba cha pili. Mume wangu alisikiliza nikiigusa, akakunja uso.

"Najua," fundi akamwambia. "Usinitukane, muzee. Njo hiyo imebaki."

Tulikuwa na mkono wake wa kushoto na mkono wangu wa kuume. Hilo hatukulipanga. Nilikaa upande wake uliokufa, bega kwa bega, gita imelala juu ya mapaja yetu sote wawili. Yeye alishika shingo. Alizungusha masikio ya nyuzi mimi nikizigusa moja moja, na alichelewa sana hapo, jasho linamtoka. Maisha yote niliangalia kidole gumba chake na cha pili vikifukuzana. Sikuwahi kuigusa gita ikiwa inalia, kwetu mwanamke hakuishika. Nilianza kwa kuharakisha. Akatikisa kichwa. Nikapunguza. Akatikisa tena. Mwishowe nikaacha kufikiria gita, nikaenda kwa mwendo wa kukoroga karai, mkono ukauelewa. Uzi mmoja ulikuwa unakwaruza pale palipobaki uvimbe, kila ukirudi unakwaruza.

Tukazunguka, tukazunguka. Akaingia.

Sauti ilikuwa mbovu, nusu ya mdomo. Lakini maneno yalikuwa yenyewe. Safari, unga, asubuhi, mama yako anakuuliza. Sikumwangalia, niliogopa nikimwangalia mkono utasimama na yeye atapotea. Fundi alikuwa amekaa chini, kofia mikononi. Wimbo ukafika mwisho, na mume wangu akaita jina.

Aliliita zima. Aliliita mara ya pili. Mara ya tatu alipaliwa, mkono ukateleza kwenye shingo ya gita, na mimi nikabaki napiga nyuzi tupu hazishikwi na mtu. Nilimpa maji kwa kijiko. Alipotulia alijaribu kulisema bila wimbo, akiniangalia machoni, ili tuliseme pamoja kama watu. Likatoka jingine. Akajaribu. Jingine. Akaacha. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile zima.

Nilitaka turudie siku nyingine. Haikupatikana. Ulimi ulikufa kabla ya mvua, naye akafuata. Sanduku lake lilibanwa kwa vile vyuma vitatu. Fundi hakuacha mwanya, ingawa sikumwomba.

Gita ninayo. Mvua zikija uvimbe unajaribu kupanda, nami nalegeza nyuzi, napasha mchanga, naulaza juu. Mkono wake wa kushoto haupo tena kunisaidia, kwa hiyo wimbo wote siwezi. Mvua zikiisha nakaa, nagonga ubao kwa kidole, napiga nyuzi wazi kwa mwendo wa karai, na ule uzi unakwaruza palepale. Nikifika mwisho nalisema jina la binti kwa mdomo wangu mara tatu, na hapo alipopaliwa mume wangu naongeza lake.